Nani Anakaba, Kidole au Mashine? Gemu Jipya la Soka na Vibanda vya Nyanda za Juu za Kigoma

Tarehe 26 Septemba 2025 kampuni ya Marekani ya Electronic Arts ilitoa EA Sports FC 26, toleo la tatu la gemu lake la soka tangu lilipoachana na jina la FIFA, na jambo kubwa katika toleo hilo halikuwa sura za wachezaji wala majani ya uwanja, bali uamuzi wa kuugawa uchezaji wenyewe katika njia mbili, Ushindani na Uhalisia. Uchezaji, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni jumla ya kanuni zilizofichwa ndani ya gemu, ambazo huamua mpira uende wapi pindi kidole kinapobonyeza kitufe, beki asiyeongozwa na mtu yeyote afanye nini, kipa aupangue mpira upande gani, na mrefu akigombea mpira wa juu na mfupi nani aufikie kwanza. Kanuni hizo hurekebishwa kila mwaka, na ingawa matangazo hulieleza kila rekebisho kuwa ni hatua ya kuukaribia mpira halisi, anayezifuatilia kwa kipindi kirefu huona kwamba swali linalojibiwa upya kila mara ni moja, nalo ni kazi ipi iachiwe kidole cha anayecheza na ipi ifanywe na mashine kwa niaba yake.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, mji mdogo wa mpakani mwa Burundi ulio katika Wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, kwa sababu huko gemu jipya halifiki kwa njia linayofikia London au hata Dar es Salaam. Kwa miaka mingi umeme wa miji ya Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ni mwaka 2022 tu ndipo eneo hilo lilipounganishwa na gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Intaneti ya kutosha kushusha gemu zima ni ghali kwa mwenye kibanda cha kuchezea magemu anayelipwa sarafu kwa kila mechi. Kwa hiyo mashine huja zikiwa zimeshatumika kwingine, diski nazo huja zimepita mikono kadhaa, na mabadiliko ambayo mtengenezaji aliyapanga yafike moja baada ya jingine, mwaka kwa mwaka, hufika kwa mkupuo mmoja, mara nyingi mwenye kibanda anapobadili mashine kuukuu kwa mashine isiyo kuukuu sana. Kijana aliyekuwa bingwa wa mtaa jioni moja hujikuta keshoye hajui kukaba.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kurudi kwenye PlayStation 2, mashine ya kampuni ya Sony iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000 na kununuliwa zaidi ya mara milioni 150 duniani kote, idadi inayotosha kueleza kwa nini mitumba yake ilienea hadi kwenye vibanda vya Afrika Mashariki na kudumu humo muda mrefu baada ya viwanda kuacha kuitengeneza. Gemu lililotawala mashine hiyo lilikuwa Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Kijapani ya Konami, ambayo kila mtu anaijua kwa jina la PES, na toleo lake la sita, la mwaka 2006, bado linatajwa na mashabiki wa nchi nyingi kuwa kilele cha magemu ya soka. Katika PES ya wakati ule, kukaba kulikuwa ni kubana kitufe cha X. Anayecheza alipokibana na kukishikilia, beki wake alimfuata mwenye mpira kwa hiari yake, akamkaribia na kutia mguu bila kuelekezwa zaidi, na kama kitufe cha mraba nacho kilibanwa, mwenzake wa pili alitoka kwenye nafasi yake kuja kusaidia. Vidole viwili vilitosha kumzingira mshambuliaji, na ubingwa ulikuwa katika kujua lini kuviachia, maana beki aliyeitwa aliacha nyuma yake uwazi ambao pasi ya mpenyezo ingeupitia.

Watu waliokulia kwenye mfumo huo hawakuwa wachezaji dhaifu, kama baadhi ya waandishi wa magemu wa Ulaya walivyopenda kudokeza baadaye. Kusoma hatari ya kumwita beki wa pili ni maarifa ya mpira, na ni maarifa yanayojifunzwa haraka zaidi pale ambapo aliyeshindwa hulazimika kusimama na kumpisha mwingine akae kwenye benchi, kwa kuwa kosa moja la kuacha uwazi lilimgharimu zamu yake. Hata hivyo ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kazi, yaani kumkimbilia mshambuliaji, kupima umbali na kuchagua sekunde ya kutia mguu, ilifanywa na mashine.

Badiliko lililokata mzizi wa mazoea hayo lilitoka upande wa pili, katika FIFA 12 ya Septemba 2011. Electronic Arts ilileta utaratibu ambao kitufe cha X hakikumfanya tena beki auvamie mpira, bali kilimfanya amfuate mshambuliaji kwa umbali fulani, akimzuia njia bila kumgusa, huku kutia mguu kukihitaji kitufe kingine kinachobonyezwa kwa wakati wake. Aliyekibonyeza mapema alipitwa, na aliyechelewa aliona mpira ukiwa tayari wavuni. Mfumo wa zamani uliachwa kama chaguo kwa waliotaka kucheza wenyewe nyumbani, lakini mashindano ya mtandaoni yalikwenda na mfumo mpya, na tangu hapo mwelekeo haujageuka: FIFA 20 ilipunguza makali ya mabeki wanaoongozwa na kompyuta na kumzawadia anayetia mguu kwa kidole chake, na sasa FC 26, katika mpangilio wake wa Ushindani, imepunguza tena idadi ya mipira ambayo mabeki huinasa au kuipora bila kuamriwa.

Kuna kikwazo kingine, kidogo kwa kukitazama lakini chenye uchungu, ambacho watengenezaji hawakukikusudia. Katika PES kitufe cha mraba ni cha kupiga golini na cha duara ni cha mpira wa juu, lakini katika FIFA na warithi wake, kwa mpangilio unaokuja na gemu, duara ndiyo hupiga golini na mraba hupiga krosi. Mtu aliyezoea PES kwa miaka 10, akifika peke yake mbele ya kipa katika FC, hubonyeza mraba kwa silika na kuuona mpira ukipaa kuelekea upande ambao hakuna mtu. Gemu lenyewe lina mpangilio mbadala wa vitufe unaomaliza tatizo hilo, na mwenye kibanda anayeujua huwasaidia wateja wake kuliko anayenunua skrini kubwa zaidi.

Wakati kukaba kukirudishwa mikononi mwa anayecheza, kazi nyingine ilikuwa ikichukuliwa na mashine, nayo ni mwendo wa wale wachezaji 10 ambao hawaongozwi na kidole kwa wakati husika. FIFA 22 ilianza kutumia, katika mashine za kizazi kipya pekee, mienendo iliyorekodiwa kutoka kwa wanasoka 22 wakicheza mechi kwa kasi ya kweli wakiwa wamevaa mavazi yenye vihisio, na FC 24 ya mwaka 2023 ikaenda mbali zaidi kwa kuchota mienendo kutoka katika picha za zaidi ya mechi 180 za wanaume na wanawake wa kulipwa, bila kumvalisha mtu yeyote vazi maalumu. Katika toleo hilohilo vilianzishwa vipaji 34 vinavyoitwa mitindo ya uchezaji, ambapo mwanasoka mmoja hupewa uwezo wa ziada wa kupiga mashuti makali, mwingine wa pasi ndefu, mwingine wa kutia mguu kwa kuteleza, ili wanasoka wawili wenye alama zinazolingana wasiwe tena pacha.

Kisha FC 25 ya mwaka 2024 ikaleta kile ambacho, kwa nyanda za juu za Kigoma, ni badiliko gumu kuliko yote. Mfumo mpya wa mbinu ulimpa kila mwanasoka wajibu wenye jina, kwa mfano beki wa pembeni anayeingia katikati timu yake inapokuwa na mpira, au mshambuliaji anayeshuka kupokea mpira badala ya kumsubiri mpishi, na ndani ya wajibu pana msisitizo, kwa mfano wa kushambulia, kulinda au kuwa katikati ya hayo mawili. Anayecheza hupanga yote hayo kabla ya mechi, na mashine huyatekeleza mechi ikiendelea. Kwa mtu aliye nyumbani na mashine yake, huo ni utajiri wa kweli, na humruhusu mtu wa kawaida kufikiri kama kocha wa zama hizi. Lakini kibandani muda ni fedha kwa maana iliyo wazi kabisa. Mechi hulipiwa, foleni inasubiri, na hakuna atakayevumilia mwenzake afungue kurasa sita za mbinu ili aamue kama kiungo wake wa kulia awe mchezeshaji au mkabaji. Zaidi ya hapo, kurasa hizo hazipo kwa Kiswahili, kwa hiyo wajibu ambao kijana wa Manyovu angeutambua mara moja kwa kuutazama uwanjani humjia katika maneno ya Kiingereza au Kifaransa ambayo hakuyasoma popote. Ustadi uliokuwa wa kidole umegeuka kuwa, kwa sehemu, ustadi wa kusoma orodha, na hili ni pengo ambalo halisemwi kabisa katika tathmini za magemu hayo.

Matokeo yake ni kwamba vibandani timu huchezwa kwa mpangilio ziliotoka nao kiwandani. Real Madrid hucheza kama mtengenezaji alivyoamua Real Madrid icheze, na tofauti kati ya washindani wawili hubaki katika kukaba, chenga na umaliziaji, yaani palepale ilipokuwa mwaka 2006.

Kasi ni eneo jingine ambalo mashine na kidole vimekuwa vikivutana. FIFA 23 iliwagawa wanasoka katika aina tatu za mbio: wanaolipuka hatua za mwanzo, wanaokimbia kwa mwendo wa wastani, na wanaoanza polepole lakini wakaendelea kuongeza kasi kadiri umbali unavyorefuka. Nia ilikuwa nzuri, ila wachezaji wa mtandaoni waligundua mapema kwamba aina ya tatu iliwapa mabeki warefu uwezo wa kuwakamata mawinga wepesi waliokwisha kuwapita, na kwa miezi kadhaa kila mtu alitafuta wanasoka wa aina hiyo, hadi masasisho yakapunguza nguvu yake. Sasisho ni faili ambalo kampuni hulituma kupitia intaneti baada ya gemu kuwa limeshauzwa, ili kurekebisha kasoro au kubadili kanuni, na hapa pana jambo ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa na uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Diski inayochezwa bila kuunganishwa na mtandao hubaki na kanuni za siku ilipochapwa. Kwa hiyo mashine isiyoguswa na intaneti huendelea kucheza FIFA 23 ambamo beki mrefu bado anamfikia winga, wakati Dar es Salaam wanacheza gemu lenye jina hilohilo na jalada hilohilo lakini kanuni tofauti, na vijana wa pande mbili wakikutana, kila mmoja atasema mwenzake hajui mchezo ilhali wote wawili wanasema kweli.

Hayo ndiyo mazingira ambamo FC 26 inapaswa kupimwa. Mpangilio wa Ushindani, unaotumika katika michezo ya mtandaoni, umeharakisha pasi na miitikio ya vitufe, umepunguza msaada wa mabeki wa kompyuta kama ilivyoelezwa, na umewafundisha makipa kuupangulia mpira mahali salama ili mshambuliaji asipewe bao la bahati. Mpangilio wa Uhalisia, uliokusudiwa kwa wale wanaocheza peke yao wakiongoza klabu kwa misimu mingi, umefanya kinyume: mechi imepunguzwa mwendo, wanasoka hugombea nafasi ndani ya boksi kabla ya kona kupigwa, kimo na nguvu huamua mpira wa kichwa, na mpira uliopanguliwa huweza kuangukia popote kama uwanjani. Electronic Arts ilieleza kuwa maoni ya wachezaji ndiyo yaliyosukuma mabadiliko mengi ya toleo hilo, na ni dhahiri kwamba maoni hayo yalikuwa yakivutana, kwa sababu anayeshindania zawadi hataki bahati iamue, ilhali anayetaka kuhisi mpira halisi anaihitaji bahati kwani mpira halisi umejaa bahati. Kwa miaka mingi kampuni ilijaribu kuwaridhisha wote kwa kanuni moja na kila mwaka ikawaudhi wote. Kuwatenganisha ni uamuzi wa busara, tena uliochelewa.

Hata hivyo neno uhalisia linastahili kuulizwa ni uhalisia wa wapi. Tarehe 25 Julai 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya Simba na Yanga, ambayo Simba ilishinda 1–0 kwa bao la kichwa la Taddeo Lwanga kutokana na kona, na tangu msimu wa 2023/24 uwanja huo umekuwa nyumbani kwa Mashujaa, klabu ya Jeshi la Wananchi iliyoupandisha mkoa huo hadi Ligi Kuu. Hakuna chochote cha hayo ndani ya FC 26, kwani Ligi Kuu ya Tanzania haimo, na Mtanzania anayeweza kupatikana humo ni yule aliyekwenda kwenye ligi zilizopewa leseni, kama Mbwana Samatta, aliyejiunga na Aston Villa mwaka 2020 na ambaye mwaka 2025 alihamia Le Havre ya Ufaransa. Mienendo iliyorekodiwa, kasi iliyopimwa na tabia za makipa zote zimetoka katika soka la viwanja laini vya Ulaya. Shabiki wa Kasulu aliyezoea kuona mpira ukidunda kwenye udongo mwekundu na kumkwepa beki aliyekuwa amejipanga sawasawa, ana picha nyingine ya mpira halisi, na picha hiyo si pungufu.

Upande wa Konami, historia ya karibuni inaonyesha kwamba mabadiliko ya uchezaji yanaweza pia kurudishwa nyuma. Kampuni hiyo ililiacha jina la PES na tarehe 30 Septemba 2021 ikatoa eFootball 2022, gemu la bure lililojengwa upya, ambalo lilipokewa kwa hasira kubwa kiasi kwamba kampuni iliomba radhi hadharani. Miongoni mwa vitu vilivyokosekana humo ni ile amri ya kumwita mwenzako aje kubana, nguzo ya mchezo tangu enzi za PlayStation 2, na ilipofika Aprili 2022 toleo lililorekebishwa liliirudisha. Kwa wale waliojifunza soka la kitufe kwenye benchi la kibanda, huo ulikuwa ushahidi kwamba ujuzi wao bado una watetezi, hata kama watetezi hao walipaza sauti kutoka mbali.

Siku hizi, lakini, wengi zaidi hukutana na magemu haya kwenye simu. eFootball ina toleo la simu, ila linadai intaneti, na bando linaloisha katikati ya mechi humfanya mtu ahesabiwe kuwa ameshindwa. Ndiyo maana Dream League Soccer ya kampuni ya Uingereza ya First Touch Games, yenye kijiti cha kuelekeza na vitufe vitatu tu kwenye kioo, imependwa sana, pamoja na programu ya PPSSPP, iliyotolewa mwaka 2012, ambayo huifanya simu iige mashine ndogo ya mkononi ya Sony na kuendesha PES za zamani bila mtandao. Mafaili yake hurushwa kutoka simu hadi simu, na mashabiki wenye ujuzi huyapachika jezi na majina ya Simba na Yanga, kazi ya kujitolea ambayo imewapa Watanzania ligi yao ndani ya gemu kabla kampuni yoyote haijafikiria kuwapa.

Kwenye kioo cha simu, mashine hufanya kazi nyingi kuliko hata PES ya mwaka 2006. Beki hujisogeza, pasi hujipima, na kidole gumba kinachoziba sehemu ya uwanja hakiwezi kudaiwa usahihi wa sekunde. Hapo ndipo gemu jipya la Electronic Arts litakapokutana na kizazi kingine, kwani lipo pia kwa PlayStation 4, mashine ambayo bei yake ya mtumba inazidi kushuka, na diski zake zitafika Kasulu na Manyovu kama zilivyofika zilizotangulia. Mteja wa zamani wa kibanda atakayeishika pedi siku hiyo atabana X akisubiri beki wake amvamie mtu, na mdogo wake aliyekulia kwenye simu atasubiri beki ajisogeze mwenyewe, na wote wawili watafungwa mabao yanayofanana mpaka atokee wa kuwaonyesha kwamba katika gemu hili mguu wa beki hutoka pale tu kidole kinapoamuru.